Usije Kuzaa Kwangu

Kakuyuni

Sidi, mjukuu wangu,

Kabla sijakwambia lolote nikugombeze kwanza, maana tangu ufike watu wamejaa uani na sijapata nafasi. Marereni si Ulaya. Mtu akipanda basi huko asubuhi, jua likiwa utosini yuko Malindi, na kutoka Malindi hata akija kwa miguu atafika kwangu kabla mbuzi hawajarudi. Wewe umeolewa, ukaenda, ukatia pamba masikioni. Masika ya kwanza nikasema ni bibi harusi, mwacheni. Masika ya pili nikasema labda mumewe mkali. Jogoo niliyekuwekea akazeeka mpaka akafa kifo chake mwenyewe, tukamzika kama mzee wa mji. Kila anayetoka huko kwenye mashamba ya chumvi namuuliza, "Sidi wangu mmemwona?" Wananijibu, "Tumemwona, mzima, amenenepa." Amenenepa! Nami huku nalala mlango sijautia komeo, labda utakuja usiku ukakosa wa kukufungulia.

Halafu unakuja siku hizi chache, na tumbo hilo mbele kama umeliazima, unaniamkia, unakaa mkekani, unasema watu wote wakisikia, "Hawe, nimekuja kukwambia nitarudi kuzaa kwako." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikainuka nikaenda kuwafunga mbuzi, na mbuzi walikuwa wamekwisha fungwa. Uliniona. Jioni ukanifuata jikoni, ukaniuliza kwa sauti ile yako ya utotoni, "Hawe, kwani hunitaki?" Nikakujibu, "Kula kwanza." Ukala. Hukuuliza tena, na mimi sikusema.

Kesho unaondoka. Jibu lako ni hili, na lisome lote usije ukaishia katikati: nakutaka kuliko macho yangu, na usije kuzaa kwangu.

Utashangaa mwandiko. Si wa mtu, ni wangu. Mimi niliyekuwa nikibandika kidole gumba kila penye karatasi, siku hizi nakwenda gumbaru pamoja na vikongwe wenzangu. Mwalimu wetu ni kijana aliyeacha kunyonya juzi, ananiita "mwanafunzi Jumwa, usipige soga." Nilikwenda ili nisome majina ya mabasi, nisipelekwe tena Garashi na safari yangu ni ya Malindi. Ningeweza kumwomba mtu mwingine akuandikie, lakini maneno haya sitaki yapite mdomoni mwa mtu. Nimeanza jana ulipokwenda kwa mama yako mdogo. Sasa umelala na mchana huu wa joto, miguu imekuvimba, nami naandika tena hapa kwenye kinu. Penye makosa kisia.

Sitakwambia ule nini wala ulale ubavu gani. Hayo utaambiwa na kila mwanamke atakayeliona tumbo lako, na wengine hawajazaa hata paka. Nataka nikueleze mama yako alivyokufa. Unajua alikufa akizaa, unajua na mtoto akaenda naye. Umekua kwenye nyumba hii ukidhani hayo ndiyo yote. Na mimi nilikuacha udhani.

Lakini nianze nyuma, kwangu mimi.

Kadzo, mama yako, ndiye aliyekuwa mzaliwa wangu wa kwanza. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Nikarudi kuzaa kwa mama yangu, kama ilivyo desturi, kama unavyotaka wewe. Uchungu ukanishika alfajiri, jua likachwa, likachomoza tena, mtoto yuko palepale. Sasa wewe umesoma, huenda jambo hili umelisikia likitajwa kwa mbali. Kwetu, mtoto akikawia kutoka, watu hawaulizi mtoto ana nini. Wanauliza mama amefanya nini. Husema kuna mwanamume mwingine aliyelala naye, na huyo ndiye aliyeziba njia. Mpaka jina lake litajwe, mtoto hapiti.

"Mtaje," mama yangu akaniambia.

"Nimtaje nani?"

"Jumwa, huu si wakati wa kuona haya. Mtaje akuachie."

"Mama, hakuna."

"Hakuna haiwezi kuziba njia."

Wakawa wanaingia mmoja mmoja. Huyu anabembeleza, huyu anafinya paja. Mkunga wetu alikuwa Bi Nyevu, wakati huo mwanamke wa makamo, mikono yake mepesi, sina la kumsema. Yeye alikaa ameweka kiganja juu ya tumbo langu, akasema, "Mimi nangoja jina tu. Jina likija, kazi yangu ni ndogo." Walikuwa wananipenda wote, Sidi. Hilo ulijue. Hakuna aliyeingia mle ndani kwa chuki.

Nikataja. Nikamtaja Kahindi, mgema wa minazi ya baba yangu. Unajua kwa nini yeye? Kwa sababu muda mfupi kabla nilimsikia akipita nje na kibuyu chake, anaimba. Basi. Sina sababu nyingine. Kahindi hakuwahi kunigusa hata mkono. Siku moja aliniangushia dafu, nikamwambia ahsante, akaniambia karibu. Hayo ndiyo mapenzi yetu yote.

Na mama yako akatoka! Hata sauti zao hazijatulia, akatoka, analia, mzima. Wanawake wakashangilia, "Mmeona? Mmeona?" Angetoka tu, saa yake ilikuwa imefika. Leo najua. Lakini wakati ule hata mimi mwenyewe nilijiuliza labda nilimwota Kahindi usiku mmoja nikasahau.

Kahindi akatozwa malu, ile faini ya mwizi wa mke wa mtu. Akatoa mbuzi, akatoa na tembo la wazee waliomhukumu, tembo alilolipandia mnazi mwenyewe. Mkewe akachukua mkeka wake akarudi kwao. Siku moja Kahindi akanikuta kisimani, mimi na mama yako mgongoni. Nilidhani atanipiga. Akaniuliza kwa upole tu, "Jumwa, hebu nikumbushe. Ilikuwa lini? Maana mimi nimesahau."

Nikajitwika mtungi nikaondoka. Yeye akahama, akavuka Sabaki, akaenda kugema minazi ya watu wasiomjua. Sikumwona tena.

Babu yako hakunipiga. Aliwapokea mbuzi, akaendelea kula chakula changu, tukazaa wengine. Lakini hakumpakata mama yako hata siku moja. Wadogo zake walimpanda babu yako mpaka mabegani, wakimvuta masikio, na yeye anacheka. Kadzo alikuwa akisimama pembeni, ameshika mguu wa kiti cha baba yake. Mguu wa kiti. Kisimani watoto wakigombana naye walimwita mtoto wa mgema. Akirudi analia namwambia, "Waache, wana wivu." Wivu wa nini? Lililokuwa la kweli sikulisema.

Ukitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa mbishi. Akicheka, kuku walikuwa wanakimbia. Alikuwa hapendi mtu asingiziwe hata kuiba mhogo. Wadogo zake wakimtupia kosa la mwingine, yeye ndiye aliyesimama kati. Nilidhani ni ukali tu. Sikujua anajitetea yeye.

Akaolewa na baba yako, akaja kukuzaa wewe hapa. Wewe ulitoka kama mtu aliyeitwa kula. Bi Nyevu hakumaliza hata kukunja leso. Kwa hiyo mimba ya pili ilipokuja, ingawa mtoto wa pili ni haki azaliwe upande wa baba yako, akawaambia, "Nitazaa kwa mama. Kwa mama kulikwenda vizuri." Akaja na wewe mkononi, unaanza kutamka maneno. Alikuja kwa sababu ananiamini. Nimeandika mstari huu nikauacha, nikaenda kutia kuni, nikarudi.

Ulikuwa msimu wa korosho. Lori la mnunuzi lilikuwa limesimama dukani, pale njia yetu inapotokea barabarani, linapakia magunia. Tulikuwa tunawasikia wapagazi wakiitana. Dereva wake alikuwa mtu mwema. Siku za nyuma alimpakia mzee aliyeumwa na nyoka akampeleka mpaka hospitalini, hakudai hata soda.

Chupa ya uzazi ilivunjika asubuhi. Kisha kikatoka kitu, na hakikuwa kichwa. Ulikuwa mkono. Mkono wa mtoto, Sidi, peke yake, umekunja vidole. Mtoto alikuwa amelala kingamo, amekingama tumboni. Hili hata mimi nisiye na shule nalijua leo. Mtoto aliyelala kingamo hatoki, hata ukitaja wanaume wa Malindi yote. Wa kumtoa ni daktari na kisu chake.

Bi Nyevu, ambaye sasa alikuwa amezeeka, akautazama ule mkono, kisha akanitazama mimi.

"Huyu anaomba jina," akasema.

Mke wa jirani yetu akasema, "Lori lipo dukani. Tumbebeni."

Na mtu akamjibu, "Ngoja. Aseme kwanza."

Mtu huyo alikuwa mimi. Hakuwa Bi Nyevu. Yeye aliamini, na mwenye kuamini nitamlaumu nini? Mimi nilikuwa najua. Katika chumba kile kizima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba jina halifungui kitu, kwa sababu langu lilikuwa uongo. Na ni mimi niliyesema ngoja.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Nadhani ni hivi. Uongo ule ulikuwa umenitoa mimi, nikaona utamtoa na yeye. Nilitaka yale masikio yaliyotuzunguka yashibe, watu waridhike, mambo yaende. Basi nikamwinamia.

"Kadzo, taja."

"Mama, sina mtu."

"Najua huna. Taja yeyote."

"Nimtaje nani?"

Nikamtia mdomo sikioni, wengine wasisikie. Nikamwambia, "Hata mimi nilisema uongo. Kahindi hakuwa kitu. Taja jina, mwanangu, yaishe."

Sidi, mama yako akaacha kuugua. Akageuza shingo akanitazama.

"Kahindi hakuwa kitu?"

"Hakuwa."

"Kwa hiyo mimi ni wa baba."

"Ni wa baba."

Akalia. Alikuwa hajalia tangu asubuhi, na hakulilia uchungu. Nikampangusa, nikamwambia tena taja basi, taja upesi. Akatikisa kichwa. "Sitataja mtu, mama. Kila jina lina mwenyewe."

Nikamsihi. Nikamfokea. Nilimwita mkaidi, mama yako, katika hali ile, mkono wa mtoto uko nje. Bi Nyevu naye akamsihi, na wale wengine. Tukasikia lori linawashwa. Likanguruma pale dukani kitambo, kama linamngoja mtu, kisha likaondoka. Nakumbuka kila aliyekuwa mle ndani alisikia. Hakuna aliyeinuka.

Tulikuja kumbeba jua limeinama, juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne mabegani. Barabarani tukakaa. Wakati ule magari hayakuwa kama siku hizi. Ilipopatikana pikapu ya kuku, tukamlaza kati ya matenga, kichwa chake mapajani pangu. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama alivyokuwa akifanya utotoni akimaliza kazi niliyomtuma. Akasema, "Mama, sikusema." Nikamwambia, "Ndiyo, hukusema." Akanyamaza kabla hatujaingia kwenye lami.

Hospitalini wakamfunika. Nesi mmoja, mama wa makamo, aliniuliza bila ukali wowote, "Alianza lini?" Nikamwambia asubuhi. "Na tangu asubuhi mlikuwa mnafanya nini, mama?"

Swali hilo sikulijibu siku ile, wala sijalijibu kwa mtu mpaka leo. Tulikuwa tunamuuliza.

Usidhani yaliishia kaburini. Watu wakasema amekufa kwa kuficha. Wakasema alimpenda huyo mwanamume kuliko roho yake. Baba yako akayasikia, akayaamini. Hakuja arobaini, akaoa upande wa Gongoni, na wewe akakuacha kwangu kama mtu aliyesahau mwavuli. Ndiyo sababu umelelewa na mimi. Siku zote ulipoulizwa shuleni baba yako yuko wapi, ukaja kuniuliza, nilikwambia yuko kazini. Ningeweza kulisafisha jina la mama yako kwa neno moja. Lakini neno hilo lingelifufua la Kahindi, na nilikuwa na mume ndani na watoto wa kulea. Nikanyamaza. Nikakulea wewe kwa bidii kama mtu anayefukuzwa, nikauza makuti, nikauza mbuzi, ukamaliza darasa la saba. Watu wakasema Jumwa ana moyo. Nikawaacha waseme.

Babu yako nilimwambia. Ulikuwa hujaolewa bado, ni ule mwaka wa njaa tuliokula mahindi ya njano, naye yuko kitandani haamki. Nilimweleza yote, la Kahindi na la lori. Kisha akasema, "Basi nilimnyima paja langu bure." Akageukia ukutani. Hakunilaani, na ningependa angenilaani.

Sasa umefahamu kwa nini nilikwenda kuwafunga mbuzi.

Nyumba yangu bado ni ile ile, nimebadilisha makuti tu. Wale waliokupigia vigelegele ni mabinti wa wale waliokuwa chumbani siku ile. Ni watu wazuri. Watakuletea uji, watakukanda miguu, na uchungu ukikawia watakuuliza. Utasema, hawe, wewe utawakataza. Nitawakataza, ndiyo. Nitasimama mlangoni na mchi. Lakini Sidi, siwaogopi wao. Naogopa mdomo wangu mimi. Siku ile nilijua na bado niliuliza. Nikikuona wewe unateseka, jua linachwa, linachomoza, nami sina la kufanya kwa mikono hii, sijui nitasema nini. Mtu akiishiwa na la kufanya anarudia alilofundishwa na mama yake. Sitaki nijijaribu juu ya mwili wako.

Na Marereni vilevile usizae. Mama wa mumeo Safari najua anakungoja, na huyo mkunga wao namsikia ni mzuri. Bi Nyevu pia alikuwa mzuri. Lakini mwezi wako utaangukia kwenye masika, na unaijua barabara ile ikinywa maji. Magari yanalala njiani mpaka abiria wanajuana majina ya watoto. Mtoto wako akilala kingamo huko, mtabeba kitanda mkipeleke wapi? Mkakipakie kwenye lori la chumvi lililozama kwenye tope?

Kwa hiyo zaa Malindi, hospitalini. Mawingu yakianza kukusanyika tu, usingoje tone la kwanza, funga leso zako uje ukae mjini kwa Bi Zuhura, yule anayenunua makuti yangu. Nyumba yake mtu akipiga chafya hospitalini wanasikia. Nimekwisha zungumza naye, tangu niliposikia kwa watu kwamba una mimba, kabla hujanijia wewe na habari yako iliyochelewa. Nilimwambia, "Bi Zuhura, nina mjukuu, nataka umkalishe mpaka ajifungue." Akaniuliza, "Kwako kuna nini?" Nikamwambia, "Kwangu kuna mimi." Alinitazama, hakunichimba. Mtu wa mji huyo, ana adabu ya kutouliza. Akasema, "Mlete. Chumba cha uani ni chake. Akishikwa usiku wa manane nitatoka naye mwenyewe na buibui langu, na askari wa zamu nitamwamsha kwa kiatu." Halafu akanisuta, "Lakini huyo mumewe asije kukaa hapa kula halua yangu." Nikamwambia Safari haji, Safari ana chumvi ya kuchota.

Safari atasema mama yake atakasirika. Mwambie haki ya mzaliwa wa kwanza ni ya upande wetu, na mimi mwenye haki nimeiacha. Sasa mama yake analilia ipi? Akiendelea kubisha, aje tubishane mimi na yeye. Usibishane naye wewe, una kazi nyingine.

Kuna watakaokutisha na hospitali. Watakwambia utalala na wageni, utavuliwa nguo, kondo lako litatupwa usikokujua badala ya kuzikwa nyumbani kwenu. Ni kweli, na la kondo limenikaa rohoni hata mimi, sikufichi. Nesi huenda akakugombeza pia. Mwache akugombeze, umegombezwa na mimi miaka yote na hukufa. Atakuuliza uchungu umeanza lini, chupa imevunjika au bado, hii ni mimba ya ngapi. Mjibu yote kwa ukweli. Mwonyeshe na hiyo miguu iliyovimba. Maswali yake yana mahali yanakokwenda. Hatakuuliza umelala na nani.

Nilifikiri nikija kukuandikia haya nitasikia wepesi. Sikusikia. Nimesikia njaa, basi. Huenda ukinisoma utanichukia, nawe una haki. Kama ni kunichukia, nichukie ukiwa Malindi, kwa Bi Zuhura, karibu na daktari. Ukitaka kunipenda, nipende hukohuko. Sitakuja kukaa nawe siku hiyo. Nitakuwa hapa napepeta mchele usiohitaji kupepetwa, na watu wataniuliza mbona sikwenda. Nitawaambia Kadzo alikuwa hana mtu. Nitawaambia wote, nianze na mama yako mdogo. Hilo nimeliweka kwa siku hiyo ili niwe na kazi ya kufanya.

Unajigeuza kitandani, nakusikia. Karatasi hii naitia kwenye kikapu, chini ya mihogo na zile nazi za mama wa Safari. Kesho nitakupa mkono mlangoni tu, sitakusindikiza mpaka dukani. Usidhani ni hasira.

Ukiisha kujifungua, usije mbio. Kaa kwa Bi Zuhura arobaini iishe, upate nguvu, ndipo uje. Uje mchana, uje wewe mwenyewe, wasikutangulie watu na habari. Mtoto umlete nimpakate. Na kama Mungu atakuwa hakukuachia mtoto, uje vivyo hivyo, mikono mitupu, uingie ukae mkekani. Mimi sitakuuliza kitu.

Hawe wako,
Jumwa